Kufundisha Sheria Ndogo na Bajeti ya Halmashauri ya Mji

Utangulizi

Katika mazoezi ya kufundisha, somo la serikali za mitaa aghalabu hufundishwa kwa namna moja. Mwalimu huchora ubaoni miraba mitatu, halmashauri, kata na mtaa, kisha huwataka watoto wakariri vyeo vya wakuu. Watoto hukariri vizuri, na pengine hushinda mtihani. Lakini ukiwauliza kwa nini mama anayeuza nyanya sokoni hutozwa ushuru, ni nani aliyekata shauri autoe, na fedha ile huenda wapi, darasa zima hunyamaza.

Makala haya yana shabaha mbili. Kwanza tutaeleza jinsi halmashauri ya mji mdogo wa Tanzania, kama vile Korogwe, Babati, Njombe au Masasi, inavyotunga sheria ndogo na kupanga bajeti. Pili tutaonyesha njia ya kulifikisha jambo hilo kwa watoto wa shule ya msingi. Wazo letu kuu ni kwamba sheria ndogo na bajeti ni pande mbili za jambo moja. Pasipo sheria, halmashauri haina haki ya kudai hata senti moja. Pasipo bajeti, haina ruhusa ya kutumia hata senti moja. Mtoto akilishika hilo, vyeo na miraba atavielewa bila taabu.

Mamlaka ya halmashauri yametoka wapi

Serikali za mitaa si jambo lililodumu siku zote bila kukatika. Kati ya mwaka 1972 na 1974, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya na za miji zilivunjwa, na kazi zake zikachukuliwa na watumishi wa Serikali Kuu walioko mikoani na wilayani. Nia ilikuwa kuyapeleka maendeleo karibu na wananchi. Hata hivyo, katika miji huduma za barabara na usafi zilidorora, na mwaka 1978 ikapitishwa sheria ya kuzirudisha halmashauri za miji. Mwaka 1982 Bunge lilitunga sheria zilizo msingi wa serikali za mitaa hadi leo: Sheria Na. 7 kwa mamlaka za wilaya, Na. 8 kwa mamlaka za miji, na Na. 9 kwa fedha za mamlaka hizo. Halmashauri za wilaya zikarudi kazini mwaka 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe, akizungumza mwaka huo, alitaja kuvunjwa kwa serikali za mitaa kuwa miongoni mwa mambo ambayo asingeyafanya tena lau angeanza upya.

Leo kuwapo kwa serikali za mitaa kumewekwa katika Katiba, ibara ya 145 na 146, na madhumuni yaliyotajwa humo ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Yafaa mwanachuo ayajue haya, kwa sababu ndiyo yanayolipa somo uzito wake. Chombo hiki kilikwisha kuondolewa mara moja, na pengo lake likaonekana.

Halmashauri ya mji huundwa na madiwani waliochaguliwa na kata, madiwani wanawake wa viti maalumu, na mbunge au wabunge wa eneo hilo. Katika manispaa na jiji, anayeongoza baraza huitwa meya. Katika halmashauri ya mji huitwa mwenyekiti. Mkurugenzi huteuliwa, wala hachaguliwi na wananchi. Yeye ndiye mtendaji mkuu na katibu wa baraza. Tofauti hii isipite bila kuelezwa: madiwani huamua, mkurugenzi na wakuu wa idara hutekeleza.

Safari ya sheria ndogo

Watoto wengi wa mjini huijua sheria ndogo kwa mara ya kwanza wanapoona mgambo akiondoa bidhaa zilizopangwa kando ya barabara. Hudhani kwamba sheria ni amri ya mgambo. Kazi ya mwalimu ni kuirudisha sheria hiyo nyuma, hatua kwa hatua, mpaka ilikoanzia.

Tuseme mji unataka kila nyumba ilipe ada ya kuzoa taka. Wataalamu wa usafi na mazingira hueleza haja yenyewe, na mwanasheria wa halmashauri huandika rasimu. Rasimu hujadiliwa katika kamati za kudumu za madiwani. Wananchi hutangaziwa kusudio hilo, ili mwenye maoni au pingamizi alitoe kabla jambo halijakatwa. Baraza la madiwani likisha kuipitisha, rasimu hupelekwa kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Akiiridhia, hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Hapo ndipo inapokuwa sheria yenye nguvu ndani ya mipaka ya mji ule, na nje ya mipaka hiyo haina nguvu.

Kuna mambo mawili ya kusisitiza. La kwanza, sheria ndogo ni mtoto wa sheria kubwa. Haiwezi kupingana na sheria ya Bunge wala na Katiba. Ibara ya 138 ya Katiba inakataza kodi ya aina yoyote isiyotozwa kwa mujibu wa sheria. Kwa hiyo mtoza ushuru anayedai fedha pasipo sheria ndogo, au asiyetoa stakabadhi, hana haki ya kudai. La pili, hatua ya kuwatangazia wananchi ndiyo hatua yao. Wengi huipuuza, tangazo likabaki ubaoni mpaka likapauka, kisha hulalamika siku ya kutozwa.

Safari ya bajeti

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni, lakini bajeti huanza kupikwa miezi mingi kabla. Serikali Kuu hutoa mwongozo. Mitaa hutaja vipaumbele vyake katika mikutano yake. Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, huvikusanya na kuvipanga. Wakuu wa idara huvilinganisha na fedha zinazotarajiwa. Kamati za kudumu huvichambua, hasa kamati inayoshughulikia fedha. Na mwishowe baraza zima hupitisha makisio. Hapo safari haijaisha. Makisio hupitia mkoani, hufika ofisi yenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, na Wizara ya Fedha, kisha huingia katika bajeti ya Taifa inayojadiliwa na Bunge kabla ya Julai.

Mapato ni ya namna mbili kubwa. Kuna ruzuku ya Serikali Kuu, ambayo katika halmashauri nyingi ndiyo sehemu kubwa kuliko zote na hulipa mishahara, pamoja na mishahara yetu sisi walimu. Kisha kuna mapato ya ndani: ushuru wa masoko, leseni za biashara, ushuru wa huduma, ada za machinjio, stendi na maegesho. Kila moja ya ada hizi husimama juu ya sheria. Hapa ndipo mwanachuo anapoona jinsi pande zile mbili zinavyokutana.

Vyanzo hivi hubadilika. Kodi ya maendeleo iliyotozwa kwa kila mtu mzima ilifutwa mwaka 2003. Kodi ya majengo iliondolewa mikononi mwa halmashauri ikapelekwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na tangu 2021 hukatwa kupitia malipo ya umeme. Chanzo kinapoondoka, halmashauri huegemea zaidi ruzuku, na uhuru wake wa kuamua hupungua. Matumizi nayo yana masharti yake: sheria ya mwaka 2018 inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024.

Fedha zikisha kutumika, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua, na taarifa yake husomwa hadharani.

Kwa nini jambo hili linamhusu mwalimu

Baadhi yenu mtakuwa walimu wakuu, na mwalimu mkuu ni katibu wa kamati ya shule. Tuchukue shule yenye upungufu wa vyoo. Mwalimu mkuu asiyejua kalenda ya bajeti huandika barua mwezi Mei, vyoo vilipokwisha kubomoka. Barua hupokewa kwa heshima, lakini makisio yamekwisha kufungwa. Watoto watangoja mwaka mzima, na wasichana wakubwa ndio watakaoumia kwanza. Mwalimu mkuu anayejua huhakikisha hitaji hilo limetajwa na mtaa, limeingia katika orodha ya kata, na diwani analikumbuka anapoingia kamatini. Upungufu ni ule ule katika shule zote mbili, lakini shule moja ina mtu anayejua mlango wa kubisha na mwezi wa kubisha.

Namna ya kufundisha

Somo hili lahitaji vipindi vitatu. Katika kipindi cha kwanza, watoto walete stakabadhi za ushuru kutoka nyumbani au sokoni. Wasome: nani ametoza, kiasi gani, kwa kitu gani, tarehe gani. Kutoka kwenye karatasi hiyo ndogo mwalimu aielekeze safari ya sheria ndogo.

Katika kipindi cha pili, watoto wafanye hesabu. Tunga mji wa kubuni wenye soko la meza 400, kila meza ikilipa shilingi 500 kwa siku, kwa siku 300 za mwaka. Wote wakilipa, mji hupata shilingi 60,000,000. Ukitoa asilimia 10 ya mikopo, hubaki 54,000,000. Ili hesabu iwe nyepesi, tunaacha gharama za kukusanya ushuru. Andika ubaoni mahitaji manne: mafuta na matengenezo ya lori la taka, 18,000,000, vyoo vya shule, 16,000,000, ukarabati wa machinjio, 12,000,000, taa za stendi, 8,000,000. Jumla ni 54,000,000 kamili.

Sasa waambie robo ya wenye meza hawakulipa. Mapato yameshuka hadi 45,000,000, na baada ya asilimia 10 yamebaki 40,500,000. Pengo ni 13,500,000. Nini kiachwe? Darasa likae kama baraza: madiwani wa kata nne, mwenyekiti, mkurugenzi na mwananchi mmoja mwenye pingamizi. Usiwape jibu, kwa maana jibu sahihi moja halipo. Wakiacha vyoo, waeleze shule itafanya nini. Wakiacha lori, waeleze taka zitakaa wapi. Wakipendekeza kupandisha ushuru hadi shilingi 700, waulize ni hatua zipi za sheria ndogo zitakazohitajika, na muuza nyanya mwenye mtaji mdogo atasema nini.

Katika kipindi cha tatu, mwalikeni diwani au mtendaji wa kata, au mkasome pamoja taarifa za mapato na matumizi kwenye mbao za matangazo. Maswali ya watoto yaandaliwe mapema darasani.

Tahadhari tatu zizingatiwe. Usimwulize mtoto hadharani kama wazazi wake wamelipa au hawakulipa. Wengine wana shida, nao wataaibika bure. Usiingize chama chochote cha siasa katika zoezi. Madiwani wa darasani watetee kata zao tu. Tena usiwafundishe watoto kuidharau halmashauri wala kuisifu pasipo sababu. Wafundishe kuuliza fedha imetoka wapi, imekwenda wapi, na kwa idhini ya nani.

Mazoezi kwa wanachuo

1. Taja hatua ambayo mwananchi anaweza kuipinga rasimu ya sheria ndogo. Eleza utawafundishaje watoto wa darasa la tano hatua hiyo.

2. Chagua ada moja inayotozwa katika mji ulio karibu na chuo. Tafuta sheria inayoiruhusu na fungu la bajeti inamoingia.

3. Andika andalio la somo la kipindi cha pili kwa kutumia takwimu zinazolingana na soko la mahali unapofanyia mazoezi ya kufundisha. Onyesha maswali matatu utakayowauliza watoto baada ya baraza kukata shauri.