Windsor: Kasri la wafalme lililohifadhi mwana wa Afrika

MSAFIRI aliye jijini London akiwa na siku moja tu ya mapumziko anaweza kuitumia vyema kuzuru Windsor, mji mdogo kando ya mto Thames, kiasi cha kilomita 35 magharibi mwa jiji hilo. Garimoshi huenda moja kwa moja kutoka stesheni ya Waterloo. Anayeanzia Paddington hubadilisha gari Slough.

Kasri lenyewe lilianzishwa na William Mshindi, aliyeiteka Uingereza mwaka wa 1066, ili kulinda njia ya kuingilia London. Ngome ya mbao ikageuzwa ya mawe, na hadi leo wafalme hawajaihama.

Mnamo Novemba 20, 1992, moto uliharibu vyumba 115. Wananchi walipopinga kutwikwa gharama za ukarabati, milango ya Buckingham ilifunguliwa mwaka uliofuata kwa wageni wanaolipa kiingilio, na fedha hizo zikasaidia kulijenga upya kasri hilo. Kazi ilikamilika 1997.

Katika kanisa la Mtakatifu George amezikwa Henry wa Nane. Humo pia alizikwa, Septemba 2022, Elizabeth wa Pili, ambaye alirithi kiti cha enzi Februari 1952 akiwa ziarani Kenya.

Hata hivyo, Mwafrika atakayefika hapo asiondoke kabla ya kumkumbuka Alemayehu, mwana wa Mfalme Tewodros wa Ethiopia. Wanajeshi wa Uingereza walipoivamia ngome ya Maqdala mwaka wa 1868, Tewodros alijiua badala ya kukubali kutekwa. Mwanawe wa miaka saba akapelekwa Uingereza, akafariki 1879 akiwa na miaka 18 na kuzikwa Windsor kwa matakwa ya Malkia Victoria. Ethiopia imeomba arejeshewe nyumbani, lakini mwaka wa 2023 jibu lilikuwa kwamba mabaki yake hayawezi kufukuliwa bila kusumbua ya wengine waliolala hapo.

Jioni, vuka daraja la miguu uingie Eton, penye shule iliyoasisiwa 1440. Kabla ya kufunga safari, hakikisha siku: kwa kawaida kasri hufungwa Jumanne na Jumatano, nalo kanisa Jumapili huachiwa waumini. Atakayekosea siku ataliona kaburi la mwana wa Tewodros kwa kusimuliwa tu.