Maziwa Hayaoshi Mapafu

Wazazi wa Ngujini na vijiji vingine vya Upare, ambao vijana wao hushuka kwenda kuchimba kwenye migodi ya tanzanaiti ya Mirerani, wamenizoesha swali moja: "Dokta, mtoto wetu anakunywa maziwa kila akitoka shimoni, mbona kifua hakifunguki?" Wengine huuliza lita ngapi zinatosha. Hakuna lita zinazotosha, kwa sababu maziwa hayafiki mapafuni.

Unachokunywa hushuka tumboni. Vumbi hufuata njia ya hewa hadi mapafuni. Baada ya koo, njia hizi mbili hazikutani tena. Maziwa yakikosea njia, mtu hupaliwa, na anaweza kupata nimonia. Kuyategemea yasafishe kifua ni sawa na kudeki jikoni ukitarajia vumbi la darini litoke. Huwa naambiwa, "Lakini nikiyanywa nasikia ahueni." Ndiyo, koo limelainika, lakini vumbi linaloua halikai kooni. Chembe za silika zinazotoka kwenye mwamba unaochorongwa, zile ndogo kuliko mikroni 5, hupita pua na koo zikatua kwenye vifuko vya hewa. Huko askari wa mwili huzimeza, hushindwa kuziyeyusha, nao hufa, na mapafu huanza kujenga makovu. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi. Makovu hayo hayatolewi na maziwa, wala asali na tangawizi, wala mafuta ya nyonyo, wala dawa yoyote niliyo nayo mimi. Yanaweza kuendelea kuongezeka hata mtu akiacha mgodi.

Sina ugomvi na maziwa. Ni chakula kizuri. Nina ugomvi na tajiri mwenye shimo anayewanunulia wachimbaji wake, wanaapolo, maziwa akaona amewakinga, huku wanachoronga mwamba mkavu bila maji na kujifunga vitambaa puani badala ya barakoa za kuzuia vumbi laini. Mchimbaji naye huamini amekingwa, akavuta vumbi miaka 10.

Siku anapofika zahanati anakohoa, amekonda, anahema. Anaambiwa TB. Huenda kweli anayo, maana silikosisi huifungulia TB mlango. Lakini wapo wanaomaliza dozi ya miezi 6, makohozi hayaonyeshi vimelea, pumzi bado haitoshi, wakaanzishiwa dozi nyingine bila kuulizwa hata mara moja: unafanya kazi gani? Swali hilo halihitaji mashine wala umeme. Lisipoulizwa, miaka hupita, mwenye shimo huhama, mashahidi hutawanyika, na haki ya fidia hufa kabla ya mgonjwa.

Basi, mchimbaji, fanya haya. Taja kazi yako kwa mganga hata asipouliza: shimo gani, miaka mingapi, ulichoronga au ulibeba mawe. Omba eksirei ya kifua, kipimo cha makohozi na kipimo cha upumuaji. Penye shaka omba rufaa kwenda Kibong'oto, wilayani Siha, hospitali inayotibu TB tangu 1926. Ugonjwa ukithibitika, mwarifu mwajiri kwa maandishi na ubaki na nakala. Yeye anatakiwa kutoa taarifa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Usicheleweshe dai lako. Mfuko huu, ulioanza kazi Julai 2015 chini ya sheria ya 2008, huchangiwa na mwajiri peke yake, hivyo anayekukata mshahara kwa ajili yake anavunja sheria. Hulipia matibabu, ulemavu wa muda na wa kudumu, na huwalipa wategemezi wa aliyefariki. Huna mkataba wa maandishi? Usikate tamaa. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 humhesabu kuwa mwajiriwa mtu anayepangiwa kazi na mwingine au anayemtegemea kwa riziki, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nenda kwa afisa kazi ukiwa na majina ya wenzako wa shimoni.

Nanyi wazazi wa Ngujini, kijana akirudi nyumbani Krismasi akiwa amekohoa zaidi ya wiki mbili, msimkamulie ng'ombe mkadhani mmemtibu. Mpelekeni akapigwe picha ya kifua, na mhakikishe kazi yake imeandikwa kwenye faili.