Wekea Dashibodi Baunsa

Kuwa na seva kwa keja si swag tena. Kila msee wa mtaa ako nayo. Kakompyuta ka ex-UK kutoka Luthuli, RAM imeongezwa, Docker imewekwa, Grafana inawaka kwa skrini. Grafu za rangi zote. Intaneti ilidedi saa ngapi, diski imeshika joto kiasi gani, stima ilipotea mara ngapi wiki hii. Unarusha skrinshoti kwa grupu, wasee wanajaza makopa na moto. Inabamba, siwezi kataa.

Halafu kuna ule msee mtulivu wa base. Hapendangi risto mingi. Anavuta hio skrinshoti, anaona adresi hapo juu, anaifungua kwa simu yake. Anaandika admin. Chini yake anaandika admin tena. Ako ndani.

Hio sasa ndio kuchoma picha. Hio mtaa itabonga mpaka Krisi.

Ju Grafana ikitoka kwa boksi iko hivi: yuza ni admin, paswadi ni admin, poti ni 3000. Ukiingia mara ya kwanza inakuomba ubadilishe paswadi, lakini kuna kabatani ka kuruka, na wasee huruka. Dunia nzima inajua hizo vitu tatu. Kuna kitu inaitwa Shodan, iko tangu 2009, kazi yake ni kubisha kila mlango wa intaneti na kuandika nani amewacha wazi. Hailalangi. Haijui wewe ni nani, na haina haja ya kujua.

Sasa enda uulize wazae wa IT. Wale wa shati la mikono mifupi, kalamu kwa mfuko, paswadi ya ofisi imebandikwa kwa monita. Watakushow nini? "Badilisha poti tu, kijana." Toa 3000, weka 48731, hakuna mtu ataiona. Manze! Poti zote ziko 65,535. Programu ya kuskani inazimaliza zote kabla chai yao ipoe. Hio akili ilichacha kitambo na bado wanaigawa bure.

Na si ati hii ni ngori ya mtaa pekee. Februari 2018, watu wa usalama wa RedLock walianika risto ya Tesla. Dashibodi ya Kubernetes ya Tesla, iko kwa mashini za Amazon, haikuwa na paswadi. Si ati ilikuwa na paswadi mbovu. Haikuwa nayo kabisa! Wezi wakaingia, wakaanza kuchimba kripto kwa bili ya wenyewe. Wakaweka CPU chini ndio grafu isipande, wakajificha nyuma ya Cloudflare, wakatumia poti yenye haijazoeleka. Umeshikanisha? Ile "badilisha poti tu, kijana" ni mbinu ya mwizi. Wazae wanafundisha wrong tim. Na humo ndani kulikuwa na funguo za Amazon, zenye zilifungua stoo nzima ya data.

So form ni gani? Form ni rivasi proksi yenye inauliza logini.

Rivasi proksi ni programu inakaa mbele ya zile zingine zote, inapokea kila mgeni wa kutoka nje, halafu inampeleka ndani. Msee wa nje habongi na Grafana. Anabonga na proksi. Nginx ndio ya kitambo, Igor Sysoev aliiachilia 2004, bado iko na nguvu. Caddy ndio ya majamaa wa sai, Matt Holt aliitoa 2015, na mi niko kambi ya Caddy, full. Unaandika jina la domeini yako, inajiendea Let's Encrypt, inachukua cheti cha HTTPS, na kikikaribia kuisha inajiletea ingine. Hautoi hata ashu. Na bado kuna wasee wanalipia cheti kila mwaka. Kwa dola! Hio doh ingekuwa smokie pasua za mbogi nzima.

Lakini proksi pekee haimzuii mtu. Inafungua tu mlango vizuri. Lazima uweke baunsa. Mi naweka Authelia. Kuna wasee wa Authentik na wa oauth2-proxy, hao pia wako sawa. Mgeni akifika, kabla proksi imruhusu, inageukia baunsa kando: huyu tunamjua? Baunsa akirudisha 200, pita. Akirudisha 401, mgeni anarushwa kwa ukurasa wa logini: jina, paswadi, halafu zile namba sita zinabadilika kila sekunde 30. Ama ugotee simu na kidole, ju Authelia inakubali WebAuthn. Hapo ndio swag imehamia. Grafu kila mtu anazo. Kugusa simu mara moja na dashibodi inafunguka ukiwa kwa matatu, hio ndio wasee wa kiti ya nyuma watakuuliza umeifanyaje. Kwa Nginx hii mchezo inaitwa auth_request, kwa Caddy inaitwa forward_auth.

Ukishapita, baunsa anakupiga stempu kwa mkono. Stempu ni heda, laini moja tu ya maandishi: X-WEBAUTH-USER, na jina lako. Grafana ikiona stempu haikuulizi paswadi ingine. Inakupea kiti. Unafungua grafana.ini, unaenda kwa auth.proxy, unaweka enabled iwe true. Mnoma wako akiingia mara ya kwanza, auto_sign_up inamtengenezea akaunti hapo hapo, na bila wewe kugusa kitu anakuwa Viewer: anaangalia, hashiki. Manzi yako anaweza ona vile intaneti ilipotea wakati wa movie yake. Hawezi futa ushahidi.

Na hii kitu haina bei. Makampuni mob yanaficha logini ya pamoja kwa ile plani ghali. Hata Grafana, ukitaka SAML, unalipia Enterprise. Lakini auth.proxy iko kwa ile ya bure kabisa. Mtu akikuuzia "suluhisho la usalama" la dashibodi ya keja, mwambie arudi kwao.

Sasa leta kiti karibu, ju hapa ndio wajuaji hulala.

Stempu imechorwa na biro. Mtu yeyote anaweza jichorea. Heda si siri, ni maandishi, na curl moja inaiandika: X-WEBAUTH-USER, admin. Ka Grafana inaamini stempu, na kuna njia ya kuifikia bila kupitia kwa baunsa, basi umefanya mambo yakuwe mabaya kuliko ile siku ulikuwa na admin na admin. Ile siku mwizi alibahatisha paswadi. Leo haulizwi hata hio.

Njia ya nyuma inatoka wapi? Kwanza ni Docker. Ukiandika 3000:3000 kwa setingi zako, Docker inafungua hio poti kwa kila adresi ya mashini, na inapanga sheria zake za iptables kwa njia ufw haipitii. Ukiuliza ufw, itakushow kila kitu kimefungwa. Msee analala fofofo, mlango uko wazi. Andika 127.0.0.1:3000:3000, hapo Grafana inasikia mashini yake pekee. Ama hata usitoe poti yoyote: weka Caddy na Grafana kwa netiweki moja ya Docker, wabonge huko ndani kwa majina. Hii ya pili ndio mi hupenda. Hakuna kitu ya kugonga.

Halafu kuna waifai. Buda, tuseme ukweli: plot nzima iko kwa waifai moja. Wa juu, wa chini, wa duka, na ule mtoi wa kona anajua paswadi kuliko mwenye nyumba. Kwa hivyo "iko ndani ya netiweki yangu tu" haimaanishi kitu. Hio netiweki si yako. Grafana iko na setingi inaitwa whitelist, hapo hapo kwa auth.proxy: unaandika IP ya proksi, na stempu ikitoka kwa adresi ingine haikubaliki. Ukiiacha tupu, inaamini kila mtu, na inakuja ikiwa tupu. Jaza. Ipee Caddy IP isiyobadilika ndio usihangaike kesho.

Na proksi yenyewe lazima ioshe mikono ya kila mgeni mlangoni. Yaani ifute heda yoyote ya X-WEBAUTH-USER yenye imetoka nje, ndio iandike yake. Usiseme "si itaandikwa juu yake tu". Futa. Laini moja.

Ukimaliza Grafana, angalia majirani zake. Prometheus iko 9090, node_exporter iko 9100, na zote zinakuja bila logini. Nimeona masetapu kali, baunsa ako mbele amesimama wima, na Prometheus imeachwa hapo kando inamwaga kila kitu. Hio ni aibu ya watu wazima.

Kuna trick ingine wazae wanapenda: ficha jina. Ati ukiita dashibodi jina gumu hakuna mtu ataipata. Cheti cha HTTPS kikitolewa, jina linaandikwa kwa daftari la wazi la vyeti, na kuna maroboti yanalisoma daftari hilo mchana na usiku. Kama hutaki jina lako lionekane, chukua cheti cha nyota, chenye kinafunika majina yote ya domeini. Let's Encrypt wanatoa tangu 2018, kwa kuthibitisha kupitia DNS. Na hio njia ya DNS ni tamu zaidi kwetu, ju haihitaji ufungue poti yoyote.

Kwa nini kwetu? Ju intaneti mob za keja hazina IP yako binafsi. Angalia raota: ukiona adresi ya nje inaanzia 100.64 hadi 100.127, mko wengi nyuma ya IP moja, na hakuna kufungua poti kutasaidia. Usikimbie kununua IP ya kudumu, bei yake ni noma. Tailscale ka ni wewe na mbogi tu. Cloudflare Tunnel ka unataka linki ya kila mahali. Lakini skia: tunnel inaleta wageni, haiwachuji. Baunsa abaki.

Vitu viwili vya kukuchoma mbele ya watu. Moja: grafu za moja kwa moja zinakataa kusonga, na Grafana inalia "origin not allowed". Hio ni proksi haijapeleka heda ya Host vile ilivyo. Kwa Nginx unaongeza proxy_set_header Host $host, pamoja na zile laini mbili za Upgrade na Connection. Caddy inafanya yote bila kuambiwa, nilikuambia niko kambi gani. Mbili: kusain auti. Ukibonyeza ya Grafana, stempu bado iko mkononi, unarudishwa ndani sekunde hio hio. Ukiwa kwa saiba ya tao, msee wa baada yako ni wewe. Weka signout_redirect_url ielekee kwa logauti ya Authelia.

Na usimpee baunsa ofu. Kuna wasee wanaachilia njia ya /public/ bila logini, ati ni mapicha na rangi tu, page ifunguke haraka. Desemba 2021 Grafana ilitoboka hapo hapo: CVE-2021-43798. Kutoka 8.0.0-beta1 mpaka 8.3.0, mtu bila akaunti yoyote angepitia /public/plugins/, aongeze vidoti vya kurudi nyuma, asome mafaili ya mashini yako. Wenye walikuwa na logini kwa kila njia, msee wa nje hakufika hata mlangoni. Wenye waliachilia /public/ walimfungulia haswa hio njia. Apdeti ilitoka, 8.3.1 na wenzake. Piga apdeti.

Mathee atakuja tu na yake: zima hio mashini usiku, inakula tokeni. Mshow hesabu. Wati 10, saa 24, siku 30, ni yuniti 7.2. Pasi ya wati 1,000 inamaliza hizo kwa masaa saba na kidogo. Atasema bado izimwe. Wacha iwake.

Sasa toka kwa waifai, washa data, na ujaribu kujivunjia mwenyewe. Tuma curl kwa domeini yako, /api/user, ukiwa umeweka heda ya X-WEBAUTH-USER na jina admin. Unataka 302 ya kukurusha kwa logini, ama 401. Halafu rudi kwa waifai ya plot, utumie laptopu ya msee mwingine, ujaribu IP ya seva na 3000, 9090, 9100. Unataka kukataliwa zote tatu. Ukipata 200 mahali popote, zima hio kontena sai, kabla hata hujaweka simu chini, ndio urudi kwa whitelist.