Fahamu: Windows 10 imefika kikomo, kompyuta yako bado inafaa

Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11, hasa lile la kuwa na TPM 2.0, kipengele cha usalama cha kompyuta. Mwenye mashine ya aina hiyo asikimbilie dukani. Linux Mint, mfumo endeshi unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, ni wa bure na unamtosha.

Mfumo huo hupakuliwa kama faili moja la ISO, lenye takriban GB 3, ambalo limebeba diski nzima ya usakinishaji. Hapa ndipo wengi hukwama: wanalinakili kwenye flashi kama wanavyonakili wimbo, kisha wanashangaa kompyuta haiwaki nayo. ISO huandikwa kwa programu maalumu, mfano Rufus au balenaEtcher, na kila kilichokuwemo kwenye flashi hufutika.

Kabla ya kuliandika, hakiki faili lenyewe kwa alama ya SHA256 na saini ya watengenezaji. Si usumbufu wa bure. Februari 2016 wadukuzi waliingilia tovuti ya Linux Mint, wakawaelekeza watu kwenye ISO iliyochezewa.

Flashi ikiwa tayari, washa kompyuta ukibonyeza F12, F2 au Esc, kutegemea aina yake, na uchague flashi. Mint itafunguka bila kubadili chochote kwenye diski yako, kwa hiyo jaribu Wi-Fi, sauti na printa bila haraka. Ukiridhika, sakinisha. Ila ukichagua kufuta diski, Windows na mafaili yako yote yataondoka; hamishia picha na nyaraka kwingine kabla hujabonyeza.