Ufa Uzibwe, Lakini Uulizwe Kwanza

Methali ya ufa na ukuta ilizaliwa enzi za udongo, mawe na chokaa. Kwenye kuta hizo ufa ndio uliokuwa tatizo: maji yaliingia, ukuta ukalainika, na aliyewahi kuuziba alikuwa amemaliza kazi. Zege lenye nondo lina tabia nyingine. Ufa wake mara nyingi ni habari kutoka ndani, na mwenye nyumba anayeupiga lipu na rangi kabla ya kujua umetoka wapi amemziba mdomo mjumbe. Anayejiuliza arekebishe au abomoe hana budi kuanza na nondo: imebaki kiasi gani, na nini kinaila.

Zege bichi ni alkali kali, pH yake ikizidi 12, na humo chuma hujifunika utando mwembamba unaokizuia kushika kutu. Utando huo huondoka kwa njia mbili. Kaboni dayoksaidi ya hewani hupenya mwaka baada ya mwaka na kuishusha alkali. Au chumvi hufika kwenye nondo na kuutoboa utando hata kama alkali ingalipo. Katika pwani yetu, kuanzia Mtwara hadi Lamu, chumvi ndiyo ya kuogopwa zaidi, maana huja na upepo wa bahari, na pengine huingizwa na fundi mwenyewe kwa mchanga wa ufukweni au maji ya kisima cha chumvi. Kutu huchukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilichoizaa. Zege, lililo hodari wa kubebeshwa mzigo lakini dhaifu likivutwa, hupasuka kutoka ndani.

Hapo ndipo nyufa zinapotofautiana. Mtandao wa nyufa nyembamba juu ya sakafu iliyomwagwa kwenye jua kali na kuachwa bila kumwagiliwa maji ni aibu ya fundi kuliko hatari. Ufa unaonyooka kufuata nondo, chini ya boriti au kwenye pembe ya nguzo, ukitoa madoa ya kahawia, ni jambo jingine kabisa. Gonga sehemu hiyo kwa nyundo ndogo: zege zima hulia kwa ukali, lililobanduka ndani hulia kama debe tupu. Weka alama ya penseli kwenye ncha za ufa na uandike tarehe. Ukivuka alama, kitu bado kinasogea, na hakuna kiraka kitakachokisimamisha. Nondo ikiwa imefunuka, ipimwe baada ya kusuguliwa. Nondo ya milimita 12 iliyobaki 10 inaonekana nzima kwa macho, kumbe imepoteza karibu theluthi ya chuma chake.

Kiraka nacho kina ujanja wake. Fundi akichokoa zege lililooza, akasugua uso wa nondo na kujaza mchanganyiko mpya, huenda amehamisha ugonjwa. Sehemu iliyokuwa ikiliwa na kutu ilikuwa pia ikiwakinga majirani zake, kama upande wa betri unaoliwa ili mwingine upone. Ikishatibiwa, kutu huhamia kandokando ya kiraka, ambako zege la zamani bado lina chumvi. Kwa hiyo huchimbwa mpaka nyuma ya nondo na kuifuata hadi chuma safi. Chumvi ikiwa imeenea nguzo nzima, kubadilisha huwa nafuu kuliko viraka vya kila mwaka. Huko Surfside, Florida, jengo la Champlain Towers South liliporomoka tarehe 24 Juni 2021 na kuua watu 98. Ripoti ya mhandisi ya mwaka 2018 ilikuwa imetaja uharibifu mkubwa wa zege chini ya eneo la bwawa la kuogelea, pamoja na marekebisho ya zamani ya gereji yaliyokuwa yakipasuka tena. Hilo peke yake halielezi anguko lote, lakini laonyesha viraka vinavyoweza kukaa juu ya tatizo lisilotatuliwa.

Wapo watakaosema kwamba jengo lao lina nyufa miaka 40 na halijaanguka. Lakini chumvi husafiri kimyakimya kwa miaka mingi kabla ya kuifikia nondo, na kipindi hicho chote hakuna kinachoonekana. Miaka ya kusimama inaweza kuwa ndiyo miaka ya safari hiyo. Wengine watalalamikia gharama ya mhandisi, na malalamiko hayo ni ya haki. Hata hivyo, nyundo na penseli hazina gharama, na zinatosha kuamua ni wapi pa kumwitia.

Pa kumwitia bila kusubiri ni roshani iliyoning'inia. Nondo zake kuu ziko upande wa juu, karibu na ukuta, mahali hasa ambapo maji ya mvua hutuama, na roshani huanguka bila kuonya sana. Ufa wake wa hatari huanzia juu, chini ya vigae, ilhali mkaguzi wa haraka husimama chini na kutazama dari. Na fundi asianze kuchokoa kabla mirunda haijasimamishwa chini yake.