Unapeleka ndai ya mamilioni Mau Narok? Soma hii kwanza

Umeziona hizo video. Prado nyeusi inatoka ndani ya ukungu, matope yameruka hadi kwenye kioo, amapiano inalia. Sasa mbogi yako inachanga pesa ya kukodi moja wikendi hii ya mvua. Poa sana. Lakini kuna mambo mawili matatu mnafaa kujua kabla hamjatoka.

La kwanza, kufika Mau Narok kwenyewe hakuhitaji gari la kifahari. Kutoka Nakuru unashika Njoro, unapita Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka wa 1939 kama shule ya kilimo, halafu unapanda kupitia Likia. Ni lami. Matatu na Probox huupanda mlima huo kila siku zikiwa zimejaa, na hakuna anayezipiga video.

Mlima wenyewe si mchezo, lakini. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Mau Narok imepita 2,700. Hewa huko ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila unapopanda mita 1,000. Gari likianza kuhema, usishtuke. Na ubebe jaketi ya ukweli, si ile ya kupigia picha.

La pili, hiyo ndai itaanza kazi yake pale lami inapoishia, kwenye njia za mashambani. Udongo wa huko ukinyeshewa huteleza kama sabuni. Weka 4x4 kabla ya kuingia kwenye tope, si baada ya kukwama. Ukiteremka, tumia gia ya chini injini ishikilie gari, maana breki za ghafla zitakutelezesha hadi kwa shamba la mtu. Na gurudumu likizunguka bila kusonga, toa mguu kwenye mafuta. Unajichimbia shimo.

Hilo shimo ndilo nataka tuongelee. Njia unayoiona kama mahali pa kupigia video ni njia ya viazi. Mau Narok hulima viazi, karoti, ngano na shayiri, na mazao hutolewa shambani kwa punda au trekta hadi pale Canter inaweza kufika. Ukirudia kupita hapo mara tano ukirusha matope ndio video itoke fiti, unaacha mitaro miwili. Jumatatu wewe uko Nairobi. Mkulima ana viazi vimeshachimbwa na dereva wa Canter amekataa kuingia. Dalali anajua viazi havingoji, kwa hivyo bei anataja yeye, na bado anataka lumbesa.

Mito nayo uiache. Mto Njoro huanzia msitu wa Mau na kumwaga maji Ziwa Nakuru. Ukivuruga kingo zake huku juu, tope linateremka na maji.

Sisemi mkae nyumbani. Tangu 1989, mashindano ya Rhino Charge yamekuwa yakipitisha magari kama hayo kwenye mawe na mabonde kuchangisha pesa za shirika la Rhino Ark, lile lililosimamia uzio wa umeme wa msitu wa Eburu, kipande cha Mau, uliokamilika 2014. Gari gumu linaweza kuwa na faida kwa wengine pia.

Kwa hivyo nendeni, lakini mkipata njia imelowa chapachapa, muulizeni mwenyeji kama inapitika, na akisema hapana, mgeuze. Mkikutana na punda mwenye mzigo, nyinyi ndio wa kupisha. Bebeni kamba ya kuvutia: mkikuta Canter imekwama, ivuteni. Mkirudi, nunueni gunia la viazi hapo kwa mkulima bila kumvuta bei. Buti ya Prado inatosha.

Hiyo ndiyo video ningependa kuona.