Petroli Iliyolala Haifufuliwi kwa Petroli Mpya

Petroli iliyokaa miaka ndani ya tangi la gari la kale si petroli tena. Sehemu zake nyepesi zimeruka, sehemu ya zilizobaki imeungana na oksijeni ikawa ulimbo, na mara nyingi chini kabisa kuna maji. Hilo lieleweke kabla spana haijashikwa, kwa sababu gari kama hilo linapotolewa bandani, swali linaloulizwa karibu kila mara ni lilelile, nalo ni swali lisilofaa: zitiwe lita ngapi za petroli mpya ili ile ya zamani ipate nguvu? Hakuna kiasi kinachotosha.

Jeppestown, kitongoji cha Johannesburg kilichoanza katika miaka ya mwanzo ya jiji lenyewe, ni mahali pazuri pa kulitazama suala hili. Jules Street inapita hapo kuelekea mashariki hadi Malvern, na kwa miaka mingi imejulikana kwa wauza magari yaliyotumika na vipuri vyake. Magari ya zamani hayakosekani: Volkswagen Beetle, iliyoundwa Uitenhage kuanzia 1951 hadi 1979, Ford Cortina, Peugeot 404. Aghalabu gari la namna hiyo huwekwa juu ya mawe mwenyewe anapofariki au anapoishiwa fedha, likiwa na nusu tangi. Na nusu tangi ni hali mbaya sana, kwani nafasi tupu iliyo juu ya mafuta imejaa hewa, na hewa ndiyo inayoyaharibu.

Johannesburg iko juu, takribani mita 1,750 kutoka usawa wa bahari. Shinikizo la hewa hapo ni kama kilopaskali 83, wakati Mombasa au Dar es Salaam ni 101, kwa hiyo kwa joto lilelile petroli huruka haraka zaidi Johannesburg kuliko pwani. Matangi ya magari ya kale hayafungi kabisa, yanapumua. Mchana mvuke hutoka, usiku wa baridi hewa mpya huingia, na msimu wa mvua hewa hiyo huja na unyevu. Vinavyotangulia kuondoka ni butani na pentani, na hizo ndizo zinazoshika moto kwanza injini ikiwa baridi. Zikiisha, starta itazungusha mpaka betri ife na plagi zilowe, bila mlipuko hata mmoja. Ndani ya tangi linalopumua hivyo, miezi 3 hadi 6 kwa kawaida inatosha kuleta tabu ya kuwasha.

Upotevu huo wa sehemu nyepesi ndio uharibifu pekee ambao petroli mpya inaweza kuufidia, na ndiyo sababu imani ya kuchanganya haifi. Mtu anamimina lita 10 mpya juu ya 15 za zamani, anavuta choki, injini inakohoa kisha inawaka. Anaona amepona. Kilichotokea ni kwamba butani na pentani za lita 10 zimewasha moto. Zile 15 bado zimo, na kila kilichokuwa kimeharibika ndani yake bado kimeharibika. Tofauti ni kwamba sasa kinasukumwa na pampu kuelekea kwenye injini.

Ulimbo hutokea hivi. Petroli ina molekuli zenye viungo viwili kati ya kaboni na kaboni, nazo hazina utulivu. Oksijeni huzishika, zikawa peroksidi; peroksidi huzishambulia jirani zake, na mnyororo unaendelea mpaka zinapatikana molekuli kubwa, nzito, zenye kunata, ambazo haziruki tena. Shaba huharakisha kazi hiyo, na magari mengi ya kale yana mabomba ya shaba na jeti za shaba nyeupe. Kiwandani petroli hutiwa kemikali za kuzuia oksijeni, lakini kemikali hizo huliwa polepole kadiri zinavyofanya kazi, na siku zinapokwisha ulimbo huongezeka kwa kasi. Viwango vingi vya petroli inayouzwa huruhusu ulimbo usiozidi miligramu 5 katika mililita 100. Kupunguza ulimbo kwa nusu kwa kuongeza petroli safi si sawa na kuuondoa. Miligramu ni zilezile. Maji yaliyoongezwa kwenye mchuzi uliozidi chumvi hayakuitoa chumvi.

Tena ulimbo ulioyeyuka unapita kwenye filta yoyote, kwa sababu filta hushika chembe, haishiki kilichoyeyuka. Ukifika kwenye njia ya kuingizia hewa, petroli inaruka na kuuacha umekaa juu ya mashina ya valvu, mahali penye joto, ambapo unapikwa na kuwa kama vanishi. Injini ikiwa moto, vanishi hiyo ni laini. Gari linazunguka mtaa mzima vizuri kabisa, mwenyewe amefurahi, jioni linaegeshwa. Usiku injini inapoa, vanishi inakauka na kuibana valvu ndani ya mrija wake. Asubuhi ufunguo unapozungushwa, mashine inailazimisha valvu isiyotaka kwenda: fimbo ya kuisukuma inapinda, au valvu iliyobaki wazi inagongwa na pistoni. Beetle, Peugeot 404 na Cortina nyingi zina fimbo za namna hiyo. Akiba ya nusu tangi inamalizikia kwa kufungua kichwa cha silinda, kwa gari ambalo vipuri vyake havipatikani kila duka. Wala fundi asilaumiwe kwa kuharibu gari lililokuwa linatembea jana. Jana ndipo lilipoharibiwa.

Dawa za chupa zinazouzwa kwa jina la kuhifadhi mafuta hazina uwezo wa kurudisha nyuma mabadiliko hayo. Nyingi zinaongeza kemikali zilezile za kuzuia oksijeni. Zina faida ya kweli zikitiwa kwenye petroli mpya siku gari linapoegeshwa. Zikitiwa miaka 5 baadaye zinalinda kilichokwisha kuharibika. Petroli ya oktani 95 nayo haifufui chochote. Vituo vya bara Afrika Kusini vimezoea kuuza 93 na 95, na watu wengi huamini 95 ina nguvu zaidi, kumbe oktani ni kipimo cha mafuta kustahimili kugonga tu. Kwa hewa nyepesi ya mwinuko ule injini nyingi za zamani zinatosheka na 93. Vidonge vya naftalini, vile vinavyotiwa kabatini kuzuia nondo, ndilo shauri baya kuliko yote: vinayeyuka kwenye petroli, na petroli inaporuka ndani ya kabureta vinarudi kuwa fuwele na kuziba jeti. Mafuta ya taa hushusha oktani na kufanya injini igonge. Mashauri haya yote yanatoka kwenye kosa moja, la kudhani petroli imepungua nguvu kama betri, wakati imegeuka kuwa kitu kingine.

Maji yana shida yake peke yake. Petroli yenye ethanoli hunywa unyevu mpaka inashiba, kisha ethanoli na maji hujitenga pamoja na kushuka chini, palepale pampu inapovuta. Petroli inayobaki juu imepoteza sehemu ya oktani yake. Chuma cha tangi kinapata kutu kuanzia chini. Na gari lililoegeshwa kabla ya Januari 2006, mwezi ambao Afrika Kusini iliachana na petroli yenye risasi, lichukuliwe kuwa lina risasi ndani ya tangi. Sumu hiyo hupenya ngozi. Glavu ni lazima.

Kinachopaswa kufanyika ni kifupi kuliko maelezo yake. Ufunguo usizungushwe hata mara moja. Betri itolewe kwanza. Mafuta yatolewe nje, mahali penye upepo, kwa pampu ya mkono na kamwe si kwa kuvuta mpira kwa mdomo, kwani tone likiingia mapafuni linaweza kuua. Kidogo kitiwe kwenye gilasi angavu: rangi ya chai, harufu ya vanishi au tabaka chini yake vinatosha kuhukumu. Petroli ya miezi michache ambayo bado ni angavu na haina harufu hiyo inaweza kuchanganywa kidogo kidogo, na hapo tu. Tangi lishushwe, lioshwe, kutu itolewe kwa siki au asidi ya fosfori, likaushwe. Lisichomelewe kamwe na mtu asiye na vifaa vya kuondoa mvuke, maana tangi tupu hulipuka vibaya kuliko lililojaa. Mipira yote ya mafuta ibadilishwe, hasa kwenye Beetle, ambayo pampu yake iko jirani na kigawanya umeme wa plagi. Filta mpya. Kabureta ifunguliwe, jeti na sindano ya boya zisafishwe, gaskiti ziwe mpya. Plagi zitolewe, matone machache ya oili yatiwe kwenye silinda, injini izungushwe kwa mkono huku kila valvu ikitazamwa inapanda na kushuka. Ndipo petroli mpya itiwe, lita 5 tu kwa mwanzo.

Mafuta yaliyotolewa yafungwe kwenye dumu la chuma na kupelekwa kwa wanaopokea taka hatarishi. Yasimwagwe mtaroni. Chanzo cha Mto Jukskei kiko karibu na Jeppestown, upande wa Ellis Park. Maji yake huingia Mto Crocodile, kisha Limpopo, na kufika Bahari ya Hindi katika pwani ya Msumbiji.